Nani alilipia kitanda cha bibi?

Msomaji wa Dar es Salaam ameniandikia kuhusu marehemu bibi yake, aliyelazwa Hospitali ya Sewa Haji miaka ya 1940 kwa donda ndugu la mguu. Alikaa wodini wiki kadhaa, akatoka amepona na hakudaiwa hata senti. Mpaka anafariki aliisifu serikali ya Mwingereza kwa hisani hiyo. Mjomba wa msomaji hataki kuisikia habari hiyo: anasema mkoloni hakumpa mtu kitu, na kwamba bibi alitibiwa kwa kodi ya Waafrika wenyewe. Msomaji anauliza nani kati yao alikuwa na haki, na je, hospitali ya umma ya wakati ule ilikuwa ya umma kweli, au ilikuwa ya sadaka? Anauliza pia hospitali za misheni zilikuwa wapi katika habari hiyo.

Dada yangu, kwa habari ya fedha, mjomba wako yuko karibu zaidi na ukweli. Lakini naona wote wawili wamemruka mtu ambaye jina lake bibi alikuwa akilitaja kila alipoitaja hospitali yenyewe.

Sewa Haji Paroo hakuwa Mjerumani wala Mwingereza. Alikuwa Mhindi wa madhehebu ya Ismailia, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetajirika kwa kuandaa misafara ya bara: nguo, shanga, waya, bunduki, na zaidi ya yote wapagazi. Wazungu waliotoka pwani kwenda maziwa makuu, Stanley akiwa mmoja wao, walipitia mikononi mwake. Utawala wa Kijerumani ulipojikita, alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Bagamoyo alitoa jengo la shule kwa sharti kwamba lipokee watoto bila kubagua rangi wala dini. Alifariki mwaka 1897, na katika wasia wake aliwakumbuka wagonjwa na watu wenye ukoma.

Hospitali ile iliendeshwa na serikali. Daktari alikuwa wa serikali, na aliyeamua nani alazwe na nani arudishwe nyumbani alikuwa wa serikali. Kuta, hata hivyo, zilisimama kwa mfuko wa mtu mmoja. Na mfuko huo nao ulijazwa na mabega ya wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, wengine wakiugua na kuachwa njiani. Simdharau Sewa Haji kwa kusema hivyo. Wenzake wengi walitajirika kwa njia ileile na hawakuacha hata zahanati.

Mwaka huohuo wa 1897 Wajerumani walifungua hospitali nyingine Dar es Salaam, pale Ocean Road, palipo na upepo wa bahari na bustani. Hiyo ilikuwa ya Wazungu. Mji mmoja, miaka ileile, hospitali mbili: ya Wazungu ikajengwa kama wajibu wa serikali, ya wenyeji ikangoja tajiri mwenye huruma. Kama nikiambiwa nieleze afya ya kikoloni Afrika Mashariki kwa mfano mmoja tu, ningetaja majengo hayo mawili.

Lakini hata upande wa Wazungu kulikuwa na hisani, jambo ambalo watu husahau. Kabla serikali ya Kijerumani haijawa na mpango wowote wa maana wa tiba, wanawake wa Ujerumani walikuwa wameunda vyama vya kuchangisha fedha na kutuma wauguzi. Frieda von Bülow alifika Zanzibar mwaka 1887 kwa kazi hiyo hiyo, kuanzisha vituo vya uuguzi. Tofauti ni kwamba kwa Mzungu mchango ulikuwa mwanzo tu, hazina ikafuata nyuma yake. Kwa Mwafrika mchango ulikaa mahali pa hazina miaka mingi.

Sababu iko katika kanuni ambayo London iliishikilia kwa miongo: koloni lijitegemee, lisimtie mlipakodi wa Uingereza gharama. Mganga mkuu wa koloni alikuwa na fedha kidogo na orodha ndefu, na orodha hiyo ilikuwa na mpangilio wake. Kwanza maofisa wa Kizungu na familia zao. Kisha askari, polisi, watumishi wa serikali, makuli wa reli, wafungwa. Raia wa kawaida alikuja mwisho, na mara nyingi alifikiriwa pale ugonjwa wake ulipotishia kuvuka barabara na kuingia mtaa wa wakubwa. Hospitali ya wenyeji ya Nairobi, ambayo leo ni Kenyatta, ilianza mwaka 1901 na vitanda 40, mji wenyewe ukiwa umezaliwa juzi na reli. Mwaka uliofuata tauni ilipoonekana katika soko la Wahindi, jibu la serikali lilikuwa kulichoma moto soko. Aliyeitambua tauni hiyo, Dakta Rozendo Ayres Ribeiro, hakuwa hata mtumishi wa serikali. Alikuwa Mgoa mwenye kliniki yake, na wakazi walimjua zaidi kwa sababu alikwenda kuwatazama wagonjwa akiwa amepanda punda milia. Zanzibar nayo ilitumia kisiwa cha Changuu kama karantini. Fedha za namna hiyo ziliingia katika hesabu za afya ya umma, lakini mtu mwenye donda mguuni hakupata kitu humo.

Hapa ndipo mjomba wako anapopata nguvu. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza walipoichukua Tanganyika waliiendeleza. Kila kaya ya Kiafrika ililipa, iwe karibu na hospitali au mwendo wa siku nne kutoka kwenye kidonge cha kwanza. Ukilinganisha kilichotoka vijijini kwa kodi na kilichorudi kwa tiba miaka ya 1920, utaona mkulima wa Songea au Kigoma alikuwa anasaidia kulipia huduma za mjini ambazo yeye hakuwahi kuziona. Bibi yako, kwa kuwa aliishi Dar es Salaam, alikuwa mmoja wa waliobahatika, na sehemu ya bahati hiyo ilitoka kwa watu wa mbali wasiojua kuwa wanamlipia.

Mwaka 1926 Tanganyika ilipata sheria ya Serikali za Wenyeji chini ya Gavana Donald Cameron, na machifu wakawa na hazina zao zilizopata fungu la kodi. Mganga mkuu wa wakati huo, John Shircore, aliona nafasi hapo. Vijana walichaguliwa na machifu wao, wakafundishwa kwa miezi michache kusafisha vidonda, kufunga bandeji na kutoa dawa za magonjwa ya kawaida, kisha wakarudishwa makwao kufungua zahanati. Hawa ndio madresa. Mishahara yao ilitoka katika hazina ya wenyeji. Kenya walifanya vivyo hivyo kupitia mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa katikati ya miaka ya 1920, na baadhi ya mabaraza yalijitoza ushuru wa ziada ili wapate zahanati au wodi ya wazazi. Kwa hiyo mtu alilipa kodi ya serikali, akalipa tena ya baraza, ndipo akapata chumba chenye meza na dresa mmoja. Ripoti za serikali ziliiandika zahanati hiyo kama maendeleo yaliyoletwa na serikali.

Madresa walidharauliwa sana na madaktari wa Kizungu wa wakati wao, na nadhani dharau hiyo imetuingia hata sisi. Wengi wao ndio walioendesha vita dhidi ya buba. Ugonjwa ule wa ngozi na mifupa ulienea vijijini, na katika miaka ya 1920 sindano za bismathi na za dawa zenye aseniki zilionyesha matokeo ambayo mtu aliyaona kwa macho yake ndani ya siku chache. Watu walitembea mbali, wakapanga foleni, wakaomba sindano hata kwa maradhi ambayo sindano haiyawezi. Mapenzi ya sindano ambayo madaktari wetu wanayalalamikia mpaka leo yana mizizi huko. Serikali iliyokuwa ikidai kwamba wenyeji hawaitaki dawa ya kizungu ikaishia kulalamika kwamba wanaitaka kupita uwezo wa bajeti.

Umeuliza pia kuhusu misheni, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu picha ya daktari mmisionari anayegawa dawa bila malipo ni nusu ya habari tu. Misheni zilitangulia serikali. Mapadre na masista kutoka kisiwa cha Réunion walifika Zanzibar Desemba 1860 na kuanza kutibu wagonjwa, miaka 30 kabla ya Unguja kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, na miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa hospitali kubwa ya Uganda. Mulago ya serikali ilianza mwaka 1913, tena kwa shughuli ya magonjwa ya zinaa. Masasi, Muheza, Maseno, Kaimosi, Tumutumu: ukiweka alama kwenye ramani utaona misheni nyingi ziko vijijini na serikali iko mijini na kwenye stesheni za reli.

Lakini hospitali nyingi za misheni zilitoza. Ada ilikuwa ndogo, mara nyingine ya kuku au mayai, na asiye na kitu aliweza kufanya kazi shambani mwa misheni. Wamisionari walikuwa na hoja yao: mtu hathamini kitu alichopewa bure, na hospitali lazima ijilishe. Matokeo yake yanashangaza kidogo. Katika sehemu nyingi ulitozwa kwa wenye sadaka na ukatibiwa bila kutozwa kwa wenye kodi. Kwa hiyo bibi yako hakukosea alipokumbuka kwamba hakulipa pale wodini. Kama angeugua donda lilelile karibu na hospitali ya misheni, huenda angeingia nalo mlangoni na kuku mkononi.

Kulikuwa na bei nyingine isiyohesabika kwa senti. Sala ya asubuhi ilitangulia dawa, na waliongoja kwenye baraza walihubiriwa kwanza. Wengine walichukulia hivyo kama kero ya kuvumilia. Wengine waliokoka kweli. Kuna mahali bei hiyo ilipanda sana: mwaka 1929 huko Kikuyu, Dakta John Arthur wa misheni ya Kiskoti aliongoza msimamo mkali dhidi ya tohara ya wanawake, waumini wakatakiwa kutangaza msimamo wao, na wengi wakaihama misheni pamoja na shule zake. Juu ya madhara ya tohara yenyewe daktari alikuwa na hoja nzito. Lakini huduma inayotolewa na mtu mwenye mamlaka juu ya dini yako na shule ya mtoto wako haibaki kuwa huduma tu.

Halafu ukifuata fedha za misheni zenyewe, unarudi serikalini. Uganda, mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, chuo cha wakunga cha Namirembe kiliendeshwa na misheni chini ya uongozi wa Katharine Cook, mke wa Albert, kikapewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana, na kikapata ruzuku kutoka hazina. Nairobi, mwaka 1926, hospitali ya wazazi ya Pumwani ilianza kwa jina la Lady Grigg, naye mke wa gavana, aliyechangisha fedha kwa watu binafsi. Hao wake wa magavana wanastahili kuandikiwa zaidi kuliko wanavyoandikiwa. Mume alikataa bajeti ofisini, mke akachangisha kwenye karamu ya chai, na wote wawili wakapigwa picha siku ya ufunguzi. Uganda ndiko pia alikokuwa Dakta Wiggins, aliyewahi kuwa mganga mkuu wa serikali. Baada ya kustaafu alirudi kama mmisionari na kuanzisha makazi ya wenye ukoma huko Kumi. Tanganyika, Leader Stirling aliyeanza mwaka 1935 akipasua wagonjwa katika hospitali ya misheni ya Lulindi, kule Masasi, alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania huru. Watu walivuka mpaka huo kwenda na kurudi kana kwamba haupo.

Zanzibar ilikuwa na mambo yake, kwa sababu hisani haikuletwa na meli ya Mzungu. Wakfu ulikuwapo. Tajiri aliweka nyumba au shamba la mikarafuu wakfu, mapato yakatunza msikiti, yakalisha maskini, na zipo nyumba za mji mkongwe ambazo masikini walikaa bila kulipa pango kwa miaka. Mwaka 1905 Waingereza walianzisha kamisheni ya wakfu, na kidogo kidogo sadaka ya Waislamu ikawa inasimamiwa na maofisa ambao si Waislamu. Baadhi ya mali zilitunzwa vizuri kuliko awali, hilo nalikubali. Lakini uamuzi wa nani ni maskini anayestahili ulitoka mtaani ukahamia ofisini.

Jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, lililo mbele ya bandari ya Unguja, unalijua bila shaka. Tharia Topan, aliyekuwa msimamizi wa forodha wa Sultani, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, Yubilei ya Malkia Victoria, akikusudia liwe hospitali ya maskini. Alifariki mwaka 1891 kabla halijaisha. Mjane wake akalimaliza mwaka 1894. Hospitali ile aliyoiota haikuwa kamwe kama alivyoipanga. Tajiri mwingine, Haji Nasser Nurmohamed, alilinunua, ghorofa ya chini ikawa zahanati ya hisani na juu zikawa nyumba za kupangisha. Hisani ya mtu mmoja ina udhaifu huo: akifa, yanayobaki ni jengo na mirathi.

Ndiyo maana mimi huvutiwa zaidi na kilichofanywa kwa pamoja. Mwaka 1918 Zanzibar ilipata chama cha uzazi kilichochangiwa hasa na matajiri wa Kihindi na wa Kiarabu, kikaajiri wakunga na kuhudumia wanawake ambao wasingekubali kwenda hospitali ya wanaume. Serikali ilitoa ruzuku, na kama kawaida, ruzuku ikaja na kiti kwenye meza ya maamuzi, mpaka miaka ya 1940 chama kikawa kimemezwa na idara ya afya.

Na nje ya mji kulikuwa na Walezo, makazi ya wenye ukoma na maskini waliotunzwa na masista wa Kikatoliki kwa msaada wa serikali. Miongoni mwao walikuwamo wazee waliowahi kuwa watumwa. Sheria ya mwaka 1897 ilipoondoa utumwa Unguja na Pemba, fidia walipewa mabwana. Mtumwa mzee alipewa uhuru tu, akapoteza na wajibu wa bwana wa kumlisha. Serikali iliyomlipa bwana kwa hasara yake ilimwachia mtumwa kitanda cha hisani na uji wa masista. Nikisoma kumbukumbu zinazoisifu Walezo, nami nawasifu masista, lakini kuiita hisani ya serikali siwezi.

Basi, miaka ya 1940 bibi yako alipolazwa, mambo yalikuwa yanabadilika. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1940 sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni, na kwa mara ya kwanza fedha za maana za mlipakodi wa Uingereza zikaruhusiwa kwenda kwenye huduma kama afya. Huruma ilikuwamo, hofu pia: visiwa vya Karibi vilikuwa vimewaka migomo na ghasia miaka michache nyuma. Kwa hiyo mjomba hana haki kamili hapo. Fedha kidogo za Mwingereza ziliingia, ila zilichelewa, na bibi alikuwa wodini kabla matunda yake hayajaonekana. Hospitali kubwa iliyokuja kupokea wagonjwa wa Sewa Haji ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Baada ya uhuru ikawa Muhimbili, na mojawapo ya majengo yake ya wodi bado linaitwa Sewahaji, jirani na lile lenye jina la Kibasila, aliyepigana na Wajerumani katika Maji Maji.

Mchanganyiko wa serikali na sadaka haukuisha na bendera. Tanzania ilipopiga marufuku hospitali za kibiashara mwaka 1977, za mashirika ya dini ziliachwa, kwa sababu bila hizo wilaya nyingi zingebaki bila daktari. Hospitali Teule unazoziona wilayani, ambapo jengo ni la kanisa na mishahara ni ya serikali, zinaendeleza mapatano ambayo yalianza kabla bibi yako hajazaliwa.

Kuna mlipaji mwingine ambaye hayumo katika daftari lolote. Waulize wazee wa familia nani alikuwa akimpelekea bibi chakula, nani alifua nguo zake, nani aliacha biashara yake akalala barazani. Katika hospitali za wenyeji za wakati ule, sehemu kubwa ya uuguzi ilifanywa na ndugu. Idara ya afya ilijua hivyo na ilipanga idadi ya wauguzi wake ikitegemea hivyo.

Ukitaka kuchimba zaidi, ripoti za mwaka za Idara ya Afya ya Tanganyika zipo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Za Zanzibar ziko Kilimani. Usianze na kurasa za mbele zenye hotuba. Nenda kwenye majedwali ya matumizi, uweke pembeni gharama za hospitali ya Wazungu na za wenyeji, ugawanye kwa idadi ya waliolazwa kila upande. Mjomba wako na asaidie kugawanya.